Uzi: Taarifa za matukio ya printa zichujwe kwenye seva, si kwenye kompyuta ya mtumiaji

Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaosimamia seva za uchapishaji, iwe ofisini, chuoni au mahali pengine penye printa nyingi zinazotumiwa na watu wengi. Kuna utaratibu mmoja ninaoona ukirudiwa: mtaalamu anaandika programu ya kufuatilia printa, anaiomba seva imletee kila tukio, kisha anaweka kichujio upande wa kompyuta ya mtumiaji ili kutupa yale yasiyohitajika. Ukitazama juu juu utadhani matokeo ni yale yale, maana ujumbe unaomfikia mtumiaji haubadiliki. Msimamo wangu ni kwamba matokeo hayo yanatofautiana sana, na kwamba mahali pa kuchuja ni kwenye seva, tangu usajili unapofanywa. Nitatumia CUPS, yaani programu ya seva ya uchapishaji inayotumika sana kwenye Linux, na IPP, itifaki ambayo kompyuta na printa huitumia kuwasiliana, kama mfano, kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku.

Mpango wa taarifa za matukio katika IPP ulikamilishwa Machi 2005, zilipotolewa RFC 3995 na RFC 3996, ambazo ni hati za viwango vya mtandao. Ya kwanza inaeleza usajili na aina za matukio. Ya pili inaeleza njia iitwayo ippget, ambayo programu ya mteja huja yenyewe kwenye seva kuchukua taarifa zake. CUPS iliuingiza mpango huo katika toleo la 1.2, mwaka 2006. Programu ya mteja hutuma ombi la Create-Printer-Subscriptions ikitaka kufuatilia printa, au Create-Job-Subscriptions ikitaka kufuatilia kazi moja tu ya uchapishaji. Ndani ya ombi hilo mna sifa iitwayo notify-events, na hiyo ndiyo chujio lenyewe: ni orodha ya aina za matukio ambayo seva itayahifadhi kwa ajili ya msajiliwa huyo, na kila kisichotajwa humo hakitamfikia.

Tuchukue kazi moja ya kurasa 40 tuitazame kwa karibu. Katibu muhtasi anaituma, na tukio la job-created linazaliwa. Kazi inaanza kushughulikiwa, linazaliwa job-state-changed. Karatasi zinaanza kutoka, na kwa kila hatua linazaliwa job-progress. Kwenye karatasi ya 23 trei inabaki tupu: sifa ya printer-state-reasons inapata thamani ya media-empty, printa inasimama, na kazi nayo inasimama katikati, kwa hiyo matukio ya printa na ya kazi yanazaliwa karibu kwa pamoja. Mhudumu anafungua kifuniko, anajaza karatasi, anafunga. Hali ya printa inabadilika tena na tena. Kazi inaendelea, job-progress zinarudi, hatimaye linakuja job-completed. Katika mlolongo wote huo, mhudumu alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba karatasi zimekwisha, na katibu muhtasi alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba kazi yake imetoka.

RFC 3995 imeyapanga matukio kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo zinazofanya uchujaji wa seva uwe mwepesi. Tukio pana ni printer-state-changed, ambalo huzaliwa kila hali ya printa, sababu za hali hiyo, au utayari wake wa kupokea kazi unapobadilika. Ndani yake kuna tukio finyu la printer-stopped, linalozaliwa pale tu printa inaposimama. Vivyo hivyo job-state-changed ni pana, na ndani yake kuna job-created, job-stopped na job-completed. Anayesajili jina pana huku anahitaji lile finyu anajitafutia mafuriko ambayo baadaye atalazimika kuyakinga.

Sasa niseme kwa nini kuchuja upande wa mtumiaji hakulingani na kuchuja kwenye seva. Sababu inayotajwa zaidi ni mzigo wa mtandao, nayo ni ya kweli, hasa pale tawi linapounganishwa kwa laini nyembamba. Lakini iliyo nzito zaidi ni akiba ya matukio. Seva ya CUPS huhifadhi idadi maalumu ya matukio, inayopangwa na mpangilio wa MaxEvents, na thamani ya kawaida ni 100. Likiingia la 101, la zamani kuliko yote linafutwa. Ikiwa umesajili kila kitu, kazi mbili tatu ndefu zenye job-progress zitaijaza akiba hiyo haraka, na tukio la printer-stopped lililokuwa mle ndani litafutwa kabla programu yako haijaja kulichukua. Kichujio chako kule kwenye kompyuta ya mtumiaji, hata kiwe kimeandikwa kwa ustadi wa namna gani, hakiwezi kuchuja tukio ambalo halikufika. Hapa kelele haichoshi tu. Kelele inaufuta ujumbe.

Sababu ya tatu ni usiri. Usajili wa printa unaoomba matukio ya kazi hupokea matukio ya kazi za watu wote wanaotumia printa hiyo, na katika CUPS taarifa hizo hubeba jina la kazi, ambalo mara nyingi ni jina la faili. Barua ya onyo kwa mtumishi, matokeo ya mtihani ambayo hayajatangazwa, hati ya mgonjwa: majina yote hayo yanasafiri hadi kwenye kila kompyuta iliyosajiliwa, kisha programu inayatupa baada ya kuwa yameshafika. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuvunja chochote, atayasoma kabla hayajatupwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja ya akiba ya matukio nimeielewa na ninaikubali. Hata hivyo, naona umepita haraka kwenye udhaifu wa chujio hilo la seva. Sifa ya notify-events inachagua aina ya tukio tu, haichagui yaliyomo. Mimi nahitaji kupata taarifa ya karatasi kukwama na wino kwisha, lakini sitaki taarifa ya wino kuwa mdogo, kwa sababu printa zetu hutangaza wino mdogo muda mrefu kabla haujakwisha. Yote hayo yanakuja kwa jina moja la printer-state-changed. Nikichagua printer-stopped nitakosa matatizo ambayo hayajaisimamisha printa. Nikichagua printer-state-changed nitapata kila kitu. Sasa nisipochuja kwenye programu yangu, nitachuja wapi?

Mleta uzi

Nashukuru, mkuu, kwa sababu umegusa mahali ambapo kiwango chenyewe kinaishia. Ni kweli kwamba IPP huchuja kwa aina ya tukio na kwa kitu kinachofuatiliwa, yaani printa fulani au kazi fulani, na haina namna ya kusema «nipe mabadiliko ya printa ikiwa tu sababu yake ni karatasi kukwama». Hata hivyo, hilo halimaanishi kwamba chujio la pili lihamie kwenye kompyuta ya mtumiaji. CUPS ina programu ndogo za kupeleka taarifa, ambazo kwenye mifumo mingi ya Linux hukaa katika folda ya /usr/lib/cups/notifier. Inakuja na chache tayari, kama mailto ya barua pepe, rss na dbus, nawe unaweza kuandika ya kwako. Usajili ukitaja anwani ya mpokeaji katika sifa ya notify-recipient-uri, neno la mwanzo la anwani hiyo ndilo jina la programu itakayoendeshwa. Seva inaiwasha programu hiyo na kuimiminia matukio kupitia ingizo lake la kawaida (stdin), kila tukio likiwa ujumbe kamili wa IPP.

Programu hiyo ndiyo mahali pa kuchuja kwa yaliyomo, na bado uko ndani ya seva. Inasoma printer-state-reasons, na hapo kiwango kimekurahisishia kazi, kwa kuwa kila sababu inaweza kubeba kiambishi tamati kinachoonyesha uzito wake: -report ni taarifa tu, -warning ni tahadhari, -error ni hitilafu. Kwa hiyo toner-low-warning unaiacha ipite bila kumsumbua mtu, na media-jam-error unaipeleka kwa mhudumu. Nakushauri uongeze jambo moja: ilinganishe orodha ya sababu na ile ya tukio lililotangulia, upeleke ujumbe pale tu sababu mpya inapoingia au ya zamani inapoondoka. Printa yenye kihisio cha trei kinachoyumba inaweza kutangaza hali ileile mara nyingi mfululizo, na mhudumu anayepokea ujumbe uleule asubuhi nzima ataacha kuzisoma jumbe zote, pamoja na ule wa kweli.

Ninasisitiza kwamba chujio hili la pili halifuti lile la kwanza. Programu ya kupeleka taarifa isajiliwe kwa printer-state-changed peke yake, pasipo matukio ya kazi, ili akiba yake ibaki na nafasi.

Mchangiaji wa pili

Habari za majukumu, wakuu. Sisi tuna tatizo ambalo nadhani linahusiana na mada. Seva yetu ya CUPS inaandika kwenye error_log, faili lake la kumbukumbu za hitilafu, kwamba usajili umezidi idadi, na programu ya kuonyesha hali ya printa inagoma kwenye baadhi ya kompyuta. Kuna mwenzetu ameshauri tuongeze MaxSubscriptions, kikomo cha idadi ya usajili, kutoka 100 hadi 1000 na kuendelea na kazi. Je, hiyo ni tiba?

Mleta uzi

Mkuu, hiyo itaituliza seva kwa muda, lakini haijibu swali la usajili huo umetoka wapi. Mara nyingi unatoka kwenye programu za mezani zinazoonyesha hali ya printa: kila kompyuta inapowashwa programu inafanya usajili mpya, na inapozimwa ghafla, au umeme unapokatika, haipati nafasi ya kutuma Cancel-Subscription. Usajili ule unabaki yatima. Muda wa uhai wa usajili wa printa katika CUPS, usipobadilishwa, ni sekunde 86400, yaani siku nzima, na kuwasha upya seva hakuusafishi, kwa sababu umeandikwa kwenye faili la subscriptions.conf na seva inausoma tena inapoamka. Katika siku hiyo nzima seva inaendelea kuukagua kila usajili yatima kwa kila tukio, na kuujazia akiba ambayo hakuna atakayekuja kuichukua.

Tiba ipo kwenye muda wa uhai. Weka DefaultLeaseDuration iwe fupi, kwa mfano sekunde 3600, na uweke MaxLeaseDuration pia, kwa kuwa thamani yake ya kawaida ni 0, maana yake hakuna kikomo, na programu inayoomba muda wa 0 inapewa usajili usiokufa. Programu iliyo hai itatuma Renew-Subscription kabla ya muda kwisha. Iliyokufa itaondoka yenyewe. Baada ya hapo weka MaxSubscriptionsPerUser ili kompyuta moja yenye kasoro isiwamalizie wengine nafasi. Ukishafanya hayo ndipo uangalie kama 100 bado hazitoshi.

Na pale mtumiaji anapotaka kujua tu kama kazi yake imetoka, asisajiliwe kwenye printa kabisa. Usajili wa kazi hauna muda wa uhai wa kuhesabiwa, unaisha kazi inapoisha, hauhitaji kuhuishwa, wala haumwonyeshi kazi za wengine. Amri ya lp yenye chaguo la -m hufanya jambo la namna hiyo kwa barua pepe: anayetuma kazi anaarifiwa inapomalizika, na hakuna programu ya kufuatilia inayohitajika upande wake.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuchangia kwa upande wa Windows, kwa kuwa wengi wetu ndiko tuliko. Wazo la kuchuja kwenye seva lipo huko pia, tena limeingia ndani kidogo kuliko IPP. Programu huita FindFirstPrinterChangeNotification, na humo inataja makundi ya mabadiliko inayotaka, kwa mfano kuongezwa kwa kazi au kufutwa kwa kazi. Pamoja na hayo inaweza kuambatisha PRINTER_NOTIFY_OPTIONS, inayotaja hata sehemu mahususi za printa au kazi, kama vile hali ya kazi peke yake, au idadi ya kurasa zilizochapishwa peke yake. Mabadiliko ya sehemu ambazo hukuzitaja hayakuamshi.

Kinachonipendeza zaidi ni ukweli wa mfumo pale unapozidiwa. Taarifa zikipotea, jibu linalorudi huwa na alama ya PRINTER_NOTIFY_INFO_DISCARDED, na programu inatakiwa kuita tena ikiomba hali yote upya kwa PRINTER_NOTIFY_OPTIONS_REFRESH. Programu nyingi nilizozipitia msimbo wake haziiangalii alama hiyo, na ndiyo maana dirisha la foleni linaonyesha kazi ambazo zilishatoka zamani. Swali langu kwa mleta uzi: IPP ina kitu cha namna hiyo?

Mleta uzi

Mkuu, nashukuru kwa mchango huo. IPP haina alama inayosema wazi kwamba kuna kilichopotea, lakini ina namba za mfuatano, na kwa maoni yangu zinatosha mtu akizitumia. Kila taarifa ya usajili hubeba notify-sequence-number inayoongezeka kwa moja. Programu inapotuma Get-Notifications inataja namba ya chini kabisa inayoitaka, na seva haimrudishii zilizotangulia. Hilo nalo ni chujio la seva, ingawa watu hawalihesabu. Ukipokea ya 57 ilhali ya mwisho uliyokuwa nayo ilikuwa 41, maana yake akiba ilifurika au taarifa zilipitwa na wakati. Hapo usibahatishe yaliyotokea katikati. Tuma Get-Printer-Attributes na Get-Jobs, upate hali kamili ilivyo sasa, kisha uendelee na mfuatano kuanzia hapo.

Kupitwa na wakati kunahitaji kutajwa. RFC 3996 inaitaka printa itangaze muda inaohifadhi matukio, kwa sifa ya ippget-event-life, isipungue sekunde 15, na inapendekeza sekunde 60. Jibu la Get-Notifications nalo huja na notify-get-interval, inayoieleza programu isubiri sekunde ngapi kabla ya kurudi. Anayeipuuza na kurudi kila sekunde anaichosha seva bure. Anayechelewa kupita kiasi anakuta taarifa zimeshaondolewa.

Kwa kuwa umeigusa Windows, niongeze sababu ya kupendelea njia ya mteja kuja kuchukua taarifa mwenyewe. Katika itifaki ya uchapishaji ya Windows, mteja anayeomba taarifa kutoka mbali humpa seva jina la mashine ya kuirudia, na seva ndiyo inayofungua muunganisho kuelekea huko. Mwaka 2018 ilionyeshwa hadharani, kwa zana iitwayo SpoolSample, kwamba mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye domeini, yaani mtandao wa Windows unaosimamiwa kwa pamoja, anaweza kutumia ombi hilo hilo kuilazimisha seva ijitambulishe kwenye mashine anayoitaka yeye. Ndiyo sababu ushauri wa kuzima huduma ya Print Spooler kwenye vidhibiti vya domeini umekuwa wa kawaida. Njia ya ippget haina mlango huo, kwa kuwa seva haiendi kokote.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, tumebadilisha muda wa uhai kama ulivyoelekeza na usajili yatima unaondoka wenyewe. Swali la mwisho kutoka kwangu: tunataka mfumo wetu wa malipo umkate mwanafunzi fedha pale tukio la job-completed linapofika. Je, chujio hilo linatosha?

Mleta uzi

Halitoshi, na nakuomba msilitumie hivyo mpaka mmerekebisha. Katika RFC 3995, job-completed huzaliwa kazi inapofika kwenye hali yoyote ya mwisho, nazo ni tatu: completed, ambayo thamani yake katika job-state ni 9, aborted, ambayo ni 8, na canceled, ambayo ni 7. Mwanafunzi aliyefuta kazi yake baada ya kuona amekosea faili atazalisha job-completed sawasawa na yule aliyepata kurasa zake zote. Programu yenu ya kupeleka taarifa isome job-state iliyomo ndani ya taarifa, na kwa kazi zilizokatishwa isome pia idadi ya kurasa zilizokwisha kutoka, katika job-impressions-completed, ili mwanafunzi alipe alichokipata. Tena, kwa jambo la fedha, taarifa ya tukio iwe kichocheo tu cha kwenda kuhakiki: ikifika, muulizeni seva hali ya kazi ile kwa Get-Job-Attributes, na mara kwa mara mpitishe hesabu zote dhidi ya page_log, faili la CUPS la kumbukumbu za kurasa zilizochapishwa, kwa sababu nimeshaeleza hapo juu jinsi taarifa zinavyoweza kupotea.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeandika programu ya kupeleka taarifa kama ulivyoeleza na inachuja kwa kiambishi cha -error. Ila kwenye printa mbili za zamani hakuna sababu yoyote inayofika, hata trei ikiwa tupu. Tatizo liko kwenye usajili?

Mleta uzi

Sidhani, mkuu. Seva inaweza kuchuja kile tu inachokijua, na printa hizo huenda zimeunganishwa kwa njia ambayo hairudishi hali yake, hasa zile zinazopokea data kwenye poti 9100 bila mazungumzo zaidi. Kwa printa za aina hiyo CUPS huuliza hali kwa SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, ikisoma jedwali la printa lililoelezwa katika RFC 3805. Hakikisha mambo mawili: kwamba SNMP haijazimwa kwenye printa yenyewe, na kwamba jina la jumuiya (community, linalotumika kama neno la siri la SNMP) kwenye faili la snmp.conf la CUPS linalingana na lililowekwa kwenye printa, maana wengi hubadilisha lile la public kwa ajili ya usalama kisha hawaigusi seva. Kisha itoe trei ukiwa na kazi kwenye foleni, utazame printer-state-reasons kwenye seva. Ikibaki none wakati printa imesimama, tatizo liko kati ya seva na printa, na usajili wako uuache kama ulivyo.